Chuo Kikuu cha Montpellier ni cha mwaka 1220, 1289 au 2015? Na cheti chako kitakuwa cha nani?

Swali limetoka kwa binti mmoja aliyemaliza digrii ya kilimo Morogoro: "Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya masta Université de Montpellier, Ufaransa. Nachanganyikiwa. Wao wenyewe wanasema wapo toka 1220, sehemu nyingine naona 1289, kaka yangu kagoogle kakuta chuo kimeanzishwa 2015. Mji huohuo kuna Paul-Valéry, kuna Institut Agro, kuna fakalti ya udaktari inayojisifu kwa ukongwe. Ni chuo kimoja au vingi? Bosi wake nani? Cheti changu kitakuwa cha nani, nisije nikapata shida nikirudi?"

Marahaba binti yangu, na hongera sana, nafasi ya masta pale si ndogo. Nikujibu kwanza halafu ndo nieleze. Tarehe zote ulizokutana nazo ni za kweli, ila kila moja inaongelea kitu chake. 1220 ni kanuni za walimu wa tiba. 1289 ni barua ya Papa iliyowaweka watu wa tiba, wa sheria na wa sanaa pamoja. 2015 ni mwaka ambao vyuo viwili vya serikali viliunganishwa kikapatikana hiki unachoenda. Na hapo katikati chuo kilifutwa kisheria, kikakaa zaidi ya miaka 100 bila kuwepo kama chuo, kikarudi, kikapasuliwa vipande vitatu, halafu viwili kati ya hivyo vikaungwa tena. Kilichovuka yote hayo ni fakalti, hasa ya tiba, na mtihani wake. Kwa hiyo mtu akitaka kuvielewa vyuo vya Ufaransa namwambia asihangaike sana na chuo kimeanza lini, aulize kila zama nani alikuwa na haki ya kumtahini mtu na kumpa digrii. Ukilishika hilo mengine yote yanajipanga, mpaka hilo la cheti chako.

Tuanze mwanzo. Montpellier iko kusini, jirani na bahari ya Mediterania, na karne ya 12 ilikuwa mji wa wafanyabiashara, viungo na madawa yanapita, watu wa Italia na Hispania wanaingia na kutoka, Wayahudi wasomi wapo, na maarifa yaliyoandikwa kwa Kiarabu yanafika kupitia Andalusia na Sicilia. Tena mji haukuwa chini ya mfalme wa Ufaransa kabisa. Ulikuwa na mabwana wake, ukoo wa kina Guilhem, baadaye ukaingia mikononi mwa wafalme wa Aragon na wa Majorca, na Ufaransa ilikuja kuununua 1349 kwa sarafu 120,000 za dhahabu. Watu wengi hawalijui hilo. Shule ya tiba ya Montpellier ilishakuwa na jina Ulaya nzima kabla mji haujawa wa Ufaransa.

Mwaka 1181 huyo bwana wa mji, Guilhem VIII, alitoa tamko ambalo mimi naliona kubwa kuliko barua zote za mapapa zilizofuata. Alisema hatampa mtu mmoja peke yake haki ya kufundisha tiba Montpellier, hata aombwe vipi, hata apewe hela, na kwamba mtu yeyote, awe nani, atoke wapi, ruksa kufungua shule ya tiba mjini kwake. Fikiria sehemu kubwa ya Ulaya wakati huo kila fani ina wenyewe, ina kufuli, na bwana mmoja wa mji wa biashara anafungua mlango namna hiyo. Hakujenga hata chumba, hakulipa mwalimu hata mmoja, ila watu walikuja.

Sasa uhuru wa namna ile una gharama zake, kila mtu anajiita mwalimu, wanafunzi wananyang'anyana, ada hazieleweki. Ndo tarehe 17 Agosti 1220 akaja Kadinali Conrad d'Urach, mjumbe wa Papa Honorius III, akawapa kanuni. Zinasomeka kama kanuni za watu wanaoishi pamoja na wanagombana. Hakuna kufundisha mpaka utahiniwe na kukubaliwa na askofu wa Maguelone, yaani askofu wa eneo lile, akiwa na baadhi ya walimu. Kila mwanafunzi lazima awe chini ya mwalimu anayejulikana. Mwalimu asimpokee mwanafunzi ambaye bado anadaiwa na mwalimu wake wa zamani mpaka wamalizane. Na kutakuwa na kansela, anayechaguliwa na askofu pamoja na walimu watatu, kazi yake kuamua kesi za walimu na wanafunzi. Hiyo ndo 1220 uliyoiona. Haimaanishi kuna jengo lilifunguliwa siku hiyo. Inamaanisha walimu wa tiba walianza kuwa chombo kimoja chenye sheria, na ufunguo wa mtihani alikaa nao askofu, ila hakuweza kuufungua bila wao.

Watu wa sheria walikuwepo kivyao, Placentinus alitoka Bologna akaja kufundisha sheria ya Kirumi pale karne hiyohiyo ya 12 na akafia palepale 1192. Watu wa sanaa, maana yake sarufi, mantiki na kadhalika, walipewa kanuni zao na askofu mwaka 1242. Halafu tarehe 26 Oktoba 1289 Papa Nicholas IV akatoa barua ya kuwatambua wote kwa pamoja, kwamba digrii ya Montpellier inakubalika popote penye Kanisa lake. Teolojia iliingia baadaye sana, 1421. Lakini usije ukadhani walikuwa na bajeti moja na mkuu mmoja kama chuo cha leo, hapana. Tiba waliendelea na kansela wao na mihuri yao, sheria na mambo yao, walikuwa majirani zaidi kuliko familia.

Walikuwa wanasoma nini? Hapa mimi huwa napenda kukaa kidogo, hasa kwa sisi wa pwani tuliosikia majina haya madrasa. Mwaka 1309 Papa Clement V alitoa orodha ya vitabu ambavyo mtu wa tiba Montpellier lazima awe navyo kabla ya kupewa leseni, na humo yumo Galen tabibu wa Kigiriki wa kale, yumo Ibn Sina, yumo al-Razi, yumo Isaac Israeli yule tabibu Myahudi wa Kairouan, na Constantine wa Afrika aliyetafsiri vitabu vya Kiarabu kwenda Kilatini. Palepale mjini ukoo wa kina Ibn Tibbon walikuwa wanatafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kiebrania. Kwa hiyo mtu akikwambia ile ni elimu ya Wazungu tupu, mwonyeshe orodha ya 1309. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema shule ilianzishwa na Waarabu au Wayahudi, hakuna karatasi inayosema hivyo, lakini ukitoa vitabu vyao kwenye orodha ile kinachobaki ni kidogo mno.

Kwenye maiti walikuwa mbele kwa kiasi. Kanuni za karne ya 14 ziliruhusu kupasua mwili kwa ajili ya kufundishia, na kwenye miaka ya 1370 ndugu wa mfalme, Louis d'Anjou, akawaruhusu kupewa mwili wa mhalifu aliyenyongwa mara moja kwa mwaka. Mwili mmoja, mwaka mzima, shule nzima! Felix Platter, kijana wa Basel aliyesoma pale miaka ya 1550, ameandika kwenye kumbukumbu zake jinsi yeye na wenzake walivyotoka usiku na silaha kwenda kufukua maiti waliozikwa karibuni makaburi ya Saint-Denis nje ya mji, wakawaingiza mjini kwa siri wakapasue wajifunze, mpaka watawa wa pale wakaanza kulinda makaburi na kuwarushia mishale. Mimi nikiisoma naona kiu ya vijana wale, wanajua watapewa leseni ya kutibu watu na hawajauona moyo wa binadamu zaidi ya mara moja mbili kwa mbali. Mwaka 1556 likajengwa jukwaa maalum la kufundishia anatomia, enzi za Guillaume Rondelet, na 1593 Mfalme Henri IV akaagiza ipandwe bustani ya mimea ya dawa chini ya Pierre Richer de Belleval, ndo bustani ya mimea kongwe kuliko zote Ufaransa na bado ipo, utaipita kwa miguu ukienda mjini. Wewe wa kilimo usikose. Leo chuo kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa inayohesabiwa kwa mamilioni, moja ya kubwa kabisa Ufaransa, na chimbuko la mapenzi hayo ya mimea ni madaktari waliotaka kujua dawa zao zinatoka wapi.

François Rabelais, yule mwandishi maarufu wa Ufaransa, naye alijiandikisha pale 17 Septemba 1530, jina lake lipo kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe, akapewa digrii ya kwanza mwaka huohuo, na 1537 akawa daktari kamili. Kuna joho jekundu linaitwa joho la Rabelais ambalo watahiniwa walivaa karne na karne, na inasimuliwa kila mtahiniwa alikuwa anakata kipande kidogo aende nacho mpaka likawa fupi, ikabidi lishonwe lingine, na lingine tena. Ukiachana na joho lenyewe, angalia mtiririko wa digrii aliyoipitia: kwanza ubachela, halafu leseni, halafu udaktari. Leseni ndo ilikuwa yenyewe, ruhusa ya kufanya kazi, inatolewa kwa jina la askofu, na udaktari ni kama kusimikwa mbele ya wenzako, sherehe na gharama juu. Ukienda utakuta digrii yao ya kwanza mpaka leo inaitwa licence.

Polepole mfalme akaanza kuingia. Mwishoni mwa karne ya 15 wakaanza kupatikana walimu wa tiba wanaolipwa na mfalme, na anayelipa mishahara huwa hakai kimya. Karne ya 17 na 18 kansela wa tiba alishakuwa mtu mkubwa serikalini kuliko wa kanisani. Kwa hiyo mapinduzi ya 1789 yalipokuja, kazi ya kuhamisha ufunguo kutoka kanisani kwenda serikalini ilishaanza zamani.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye jibu lako. Tarehe 15 Septemba 1793 Bunge la mapinduzi lilivifuta vyuo vikuu vyote vya Ufaransa, Montpellier ikiwemo. Havikupunguzwa wala kubadilishwa jina, vilifutwa, kama vyama vya fani vilivyokuwa vinajiendesha vilivyofutwa kabla yake. Hoja yao ilikuwa kwamba Jamhuri haiwezi kuwa na vikundi vyenye haki zake maalum ndani yake. Lakini vita vipo, wanajeshi wanakufa, madaktari hawatoshi, ikabidi Desemba 1794 waanzishe shule tatu za afya: Paris wanafunzi 300, Montpellier 150, Strasbourg 100, wanafunzi wenyewe wanatoka mikoani na wanalipwa na taifa. Montpellier ilipata kwa sababu ya jina lake la zamani, na mkemia Chaptal alihusika sana kuisimamisha. Shule ikahamishiwa kwenye jengo la monasteri ambayo Papa Urban V aliijenga karne ya 14, ubavuni mwa kanisa kuu, ambako fakalti ya tiba ina makao mpaka leo. Kwa hiyo walimu walewale, mji uleule, mtihani unafanana, lakini kisheria ni kitu kipya cha serikali.

Napoleon akamalizia. Sheria ya 1806 na amri ya Machi 1808 zilitengeneza chuo kimoja cha nchi nzima, Chuo cha Kaizari (Université impériale), yaani walimu wote wa umma Ufaransa ni wafanyakazi wa chombo kimoja chenye mkuu wake Paris. Nchi ikagawanywa kanda zinazoitwa académie, kila kanda ina rekta. Na chini yake fakalti, kila fakalti peke yake. Montpellier ikapata fakalti ya sayansi na ya fasihi, hii ya fasihi ikafungwa miaka mingi na kurudi 1838, na sheria ikasubiri mpaka karibu na 1880. Yaani karibu karne nzima ya 19 hakukuwa na Chuo Kikuu cha Montpellier. Kulikuwa na fakalti kadhaa katika mji mmoja, kila moja inaandika barua zake Paris, na jirani yake wala haimhusu. Ndo maana hata leo mwalimu mzee wa tiba au sheria pale ukimuuliza anafanya kazi wapi anakwambia fakalti, chuo anakitaja baadaye.

Hata hivyo fakalti hizo hazikulala. Mwaka 1878 ya tiba ilimpa udaktari Agnes McLaren, mwanamke wa Scotland ambaye kwao milango ya vyuo ilikuwa imefungwa. Tarehe 18 Machi 1880 ikapita sheria iliyosema digrii zinatolewa na dola peke yake, vyuo binafsi vinaweza kufundisha lakini haviwezi kutoa digrii zao wenyewe. Sheria hiyo fupi weka kichwani, nitairudia.

Mwaka 1890 Montpellier wakasherehekea miaka 600 ya barua ya Nicholas IV, wamechelewa mwaka mmoja, Rais Sadi Carnot mwenyewe akaja, wajumbe wa vyuo vya nje wakaja. Walikuwa wanasherehekea chuo ambacho kisheria hakipo, na walijua fika, sherehe ilikuwa ni njia ya kuibana serikali ikirudishe. Louis Liard, mkurugenzi wa elimu ya juu wakati huo, alikuwa anataka vyuo vichache vyenye nguvu. Sheria ya 10 Julai 1896 ikapita, lakini wabunge kila mmoja alitaka chuo kwake, kwa hiyo kila mji wenye kundi la fakalti ukapata. Montpellier ikawa chuo tena, ila dhaifu, kwa sababu hela na madaraka vilibaki kwenye fakalti. Baadaye, mwisho wa 1914, alifika pale kijana kipofu kutoka Misri, Taha Hussein, ambaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa na waziri wa elimu kwao. Kwenye zile sherehe za 1890 nako kulikuwa na mwanafunzi wa sheria anaitwa Paul Valéry, alikutana na mwandishi Pierre Louÿs aliyekuja na wajumbe, na urafiki ule ndo ulimwingiza kwenye ulimwengu wa washairi wa Paris. Hilo jina si umelitaja kwenye swali lako, sasa tunalifikia.

Mei 1968 wanafunzi waliandamana nchi ikasimama. Novemba mwaka huohuo waziri Edgar Faure akapitisha sheria iliyovunja fakalti, safari hii kwa makusudi, ili watu wa fani mbalimbali wakae pamoja kwenye vyuo vinavyojiendesha. Kilichotokea miji mingi ni kwamba walimu walijipanga kwa siasa na kwa mazoea, wasiopendana wakaachana. Montpellier 1970 ikawa vyuo vitatu. Montpellier 1 ikachukua tiba, famasia, meno, sheria na uchumi. Montpellier 2 ikachukua sayansi na teknolojia. Montpellier 3 ikachukua fasihi, lugha na sayansi za jamii, ikaitwa Paul-Valéry. Miaka 44 vikaishi hivyo, kila kimoja na rais wake na baraza lake. Mwanafunzi wa biolojia akitaka kipindi cha famasia ni kama anaomba viza.

Baadaye mashindano ya vyuo duniani yakaanza kuwauma, Strasbourg wakaungana 2009, Aix-Marseille 2012, Bordeaux 2014, na 1 Januari 2015 Montpellier 1 na 2 wakawa Université de Montpellier, hicho chako. Paul-Valéry walibaki nje. Mimi binafsi nasikitika, kwa sababu chuo kinachojiita cha 1289 kilipaswa kuwa na watu wa sanaa ndani, wao walikuwepo kwenye ile barua. Lakini nawaelewa, chuo cha fasihi kikiingia kwenye chombo kinachotawaliwa na madaktari na wanasayansi kwenye kura kinazidiwa kila siku.

Kwa hiyo kwa swali lako la ni vingapi: kwa leo Montpellier ina vyuo vikuu vya umma viwili, chako chenye wanafunzi kama 50,000 na Paul-Valéry, na pembeni kuna shule maalum zinazoitwa grandes écoles, ambazo kuingia kwake ni kwa mchujo mkali. Institut Agro ni moja ya hizo, si sehemu ya chuo, ina mkurugenzi wake na iko chini ya wizara ya kilimo. Ila masta nyingi za kilimo na ikolojia pale zinaendeshwa na chuo na hiyo shule kwa pamoja, kwa hiyo unaweza ukajikuta Jumatatu uko kampasi ya Triolet, Jumanne uko Institut Agro, usishangae. Ukija kufanya PhD utakutana na tabaka jingine, maabara za pamoja ambazo mwalimu mmoja analipwa na chuo, mwenzake na CNRS, mwingine na INRAE au CIRAD au IRD, zote hizo taasisi za utafiti za serikali ya Ufaransa, na mkuu wao ni mmoja. Hapo ndo nguvu ya Montpellier ilipo, mwaka 2018 orodha ya Shanghai, ile inayopanga vyuo vya dunia kwa ubora, iliwaweka wa kwanza duniani kwenye ikolojia, na chuo peke yake bila hao wa taasisi kisingefika.

Bosi ni nani? Hapa watu wetu wengi hupotea, hasa ndugu zetu wa Kongo na Burundi maana kwao rekta ndo mkuu wa chuo. Ufaransa rekta si mkuu wa chuo. Rekta ni mtu wa waziri kwenye kanda, anateuliwa na Rais wa Jamhuri, anasimamia elimu toka shule za watoto, na kwa chuo anaangalia kama sheria inafuatwa. Chuo chenyewe kinaongozwa na rais, mtu wa ndani, na anachaguliwa. Wanaomchagua ni wajumbe wa baraza la uongozi, ambamo wanakaa walimu, wafanyakazi, wanafunzi na watu wa nje, na hao wa ndani wote wamepigiwa kura na wenzao. Ndiyo, na wewe utapiga kura, usiidharau. Sheria ya Agosti 2007 ndo iliwapa marais hao bajeti na madaraka ya kuajiri, kabla ya hapo mishahara yote ilikuwa inapitia Paris. Chini ya rais kuna vitengo, kwa jina la kisheria UFR, lakini watu wanasema tu fakalti kama zamani, na mkuu wake wanamwita amidi hata kama karatasi inasema mkurugenzi. Sheria ya 1968 ilifuta fakalti, vinywa havikuzifuta. Ile ya tiba ina nafasi ya pekee, toka agizo la Desemba 1958 maprofesa wake ni waajiriwa wa pande mbili, chuo na hospitali ya rufaa, kwa hiyo amidi wa tiba anaongea na mkurugenzi wa hospitali moja kwa moja. Na toka 2021 serikali imekipa chuo hadhi ya taasisi ya majaribio, inayokiruhusu kujipanga tofauti kidogo na vingine, mfano shule ya kemia ya Montpellier imeingia ndani ya chuo huku imebaki na utu wake kisheria.

Walimu wa kudumu ni watumishi wa umma, wanashindana kitaifa kupata nafasi. Ada nayo si ya chuo kujipangia kama huku kwetu, inawekwa na serikali: mwaka wa masomo 2024/2025 masta ilikuwa euro 250 kwa Mfaransa, na kwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya kiwango cha kitaifa kilikuwa 3,879, ila vyuo vingi vinatoa msamaha kwa sehemu ya wanafunzi wao. Isome barua yako ya kukubaliwa vizuri kwenye hicho kipengele, na kama hakijatajwa waandikie kabla hujalipa chochote, mwanangu.

Sasa cheti. Kumbuka sheria ya 1880. Digrii ya masta utakayopata ni diploma ya taifa. Juu kabisa itaandikwa Jamhuri ya Ufaransa, halafu wizara, halafu jina la chuo, na inasainiwa na rais wa chuo na pia na rekta, yule mtu wa serikali. Chuo kinafundisha na kinatahini kwa idhini iliyotolewa na wizara kwa kila programu kwa miaka kadhaa, lakini digrii ni ya dola. Ndo maana masta ya Montpellier na masta ya chuo kidogo cha mkoani kisheria zina uzito uleule. Kwa hiyo kuungana, kupasuka, kubadilisha jina, havikugusi. Aliyemaliza Montpellier 2 mwaka 2010 cheti chake kina jina la chuo ambacho hakipo tena na bado ni halali kabisa, kwa sababu aliyekitoa, yaani dola, yupo.

Ukifika wakati wa kupeleka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa ajili ya utambuzi, kwenye jina la chuo andika Université de Montpellier kama lilivyo kwenye cheti, usiongeze namba wala usiandike Paul-Valéry. Kama masta yako ni ya pamoja na Institut Agro, angalia kwenye cheti zimetajwa taasisi ngapi na uziandike zote. Na jambo la mwisho la vitendo: ukimaliza watakupa kwanza karatasi ya kuthibitisha umefaulu, cheti chenyewe huchukua miezi kutoka. Kabla hujapanda ndege kurudi, nenda ofisi ya wanafunzi ya fakalti yako, nasema ya fakalti, usianzie makao makuu ya chuo, uulize cheti utakichukuaje ukiwa Tanzania, acha anwani yako na barua pepe isiyo ya chuo, maana ile ya chuo huwa inafungwa baada ya kumaliza.